Kulamba Jiwe

Chekecheke limetikisika usiku kucha.
Vipande vimeletwa kwenye trei, nimeviosha,
vimekauka juu ya hita ndogo ya kibanda changu,
na nje nyika ya Mangistau imeganda
hata ngamia wa Kenzhegali wamekuwa mawe yanayopumua.

Kwanza nalamba.
Walinicheka chuoni Aktau:
msichana anakula udongo, ana mimba ya nani?
Lakini ulimi haudanganyiki na rangi.
Mfinyanzi hunata. Chenga husaga meno.
Mchanga safi hauna neno, hukaa kando ya fizi ukasubiri.
Kisha tone la tindikali: likichemka, ni chokaa.
Kisha taa ya zambarau ndani ya kisanduku cheusi,
macho ya manjano yafunguke au yasifunguke.

Mita elfu tatu mia nne na kumi na mbili
yalifunguka.
Manjano hafifu, kama mkojo wa mtoto kwenye theluji.
Kenzhegali akaja mbio, glovu mkono mmoja,
miezi minne anachoronga, ana binti wa kuozwa masika.
"Ni yenyewe?"
Nikamwambia, "Hii ni harufu ya pilau. Pilau sijaiona."

Watu wa mjini hudhani chini kuna ziwa jeusi,
mtu ateremshe ndoo tu.
Chini kuna giza lililoshindiliwa,
punje juu ya punje, na kati ya punje na punje
upenyo ambao hata sindano ingebisha hodi.
Hizo penyo ndizo ninazolipwa kuzihesabu.
Zina kitu? Kitu gani?
Na je, zinatembeleana,
au kila moja imefunga mlango, imelala na mafuta yake?

Alfajiri tuliteremsha ala kwa waya.
Nilikaa na Yerdos mbele ya kioo, mistari ikichorwa:
huu wa miale, ukienda kulia ni mfinyanzi,
ukirudi kushoto ni mchanga;
huu wa ukinzani, na huu ndio wenye kesi.
Maji ya chumvi hupitisha umeme kama umbea.
Mafuta hukataa.
Tulingoja mstari ukatae.
Ulikataa mita mbili. Mbili na nusu, ukiwa na moyo mwema.
Halafu ukasalimu amri,
na chini yake maji, maji, maji,
bahari iliyokufa kabla hajazaliwa mtu wa kuiita bahari.

Yerdos akasema, "Tushushe kizingiti.
Weka asilimia nane badala ya kumi na mbili,
mita mbili zitakuwa tisa."
Alisema polepole, akikitazama kikombe chake.
Si mwongo, Yerdos. Ana mkopo wa nyumba,
na ofisi ya Almaty hupiga simu kila saa, kama mama mkwe.
Nami nilikuwa namfikiria yule binti.

Nikachukua mche wa mwamba
uliokatwa kama mche wa sabuni,
pale penye asilimia nane,
nikaudondoshea tone la maji.
Tone likakaa juu, duara, likitutazama.
Tukangoja kiasi cha chai kupoa.
Jiwe halikunywa.

Ubavuni mwa mche ule kulikuwa na kombe,
dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
lenye mbavu zake zote.
Nililipapasa kuliko ripoti ilivyohitaji.

Niliandika: kumi na mbili. Mita mbili na nusu. Chini, maji.
Pendekezo: kisima kizibwe kwa saruji.
Nikatia saa, nikatia jina, Ulbike,
na kalamu ikakwama kwenye herufi ya mwisho kwa baridi.

Kenzhegali hakuuliza tena.
Alikuwa nje, anavunja barafu ya ndoo ya ngamia
kwa nyundo ya kampuni.
Akanimiminia chai ya maziwa kutoka chupa yake.
Nikanywa. Ulimini bado palikuwa na mchanga,
wa mita ipi, sikujua.